Jikoni kwa Ba, Mpishi Haonji

Katika nyumba nyingi za hapa Nairobi, yangu ikiwemo, swali la chakula cha jioni huulizwa saa kumi na moja, mama akiwa bado ndani ya matatu. Jibu hutegemea kilichosalia mfukoni na kilichosalia kwa mama mboga wa pale stejini. Mwanzo wa mwezi kuna nyama. Ikifika tarehe ishirini na tano, sukuma wiki hufanya ile kazi iliyoipa jina.

Jirani yangu hapa Ngara, mama mzee wa Kihindu ambaye ploti nzima humwita Ba, hapangi chakula chake hivyo. Hajiulizi anatamani nini. Hajiulizi hata wageni wake wanapenda nini. Asubuhi huitazama kalenda iliyoning'inia karibu na jiko, kisha hufikiria ni chakula gani kinachofaa kuwekwa mbele ya Mungu kabla ya adhuhuri. Binadamu watakula baadaye, na watakula kile kile. Mwaka jana, kwa muda wa wiki sita, mimi ndimi niliyekuwa mkono wa kulia wa jiko hilo, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba kupanga mlo kunaweza kuwa ibada, na pia kunaweza kuwa mpaka.

Kabla sijaendelea, mpenzi msomaji, tusichanganye mambo. Sisi Wakenya tumezoea kumwita kila mtu mwenye asili ya bara Hindi "Mhindi", na tukadhani kila Mhindi hali nyama. Mhindi anaweza kuwa Mwislamu, Singasinga, Mgoa Mkatoliki, Mjaini au Mhindu. Na hata miongoni mwa Wahindu wenyewe wako mamilioni wanaokula samaki na mbuzi. Kule Bengali na Nepali mbuzi huchinjwa kwa heshima ya Kali, mungu wa kike. Ba ni wa wale wanaomwabudu Krishna, na jamaa zake asili yao ni Gujarati, jimbo la magharibi mwa India walikotoka Wahindu wengi wa Kenya. Kwa watu hawa nyama, samaki na mayai havivuki kizingiti. Maziwa, mtindi na samli huvuka, tena kwa heshima kubwa.

La kumshangaza mpishi wa Kiafrika ni kwamba hata kitunguu hakivuki. Wala kitunguu saumu. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilidhani ni utani, maana mimi sijui kuwasha jiko bila kukata kitunguu. Mikono yangu hukikata yenyewe kabla sijajua napika nini. Maelezo ya Ba yalikuwa haya: vyakula vimegawanyika mara tatu. Kuna vile vinavyotuliza akili, vinaitwa vya satwiki, kama maziwa, matunda, nafaka, ndengu na mboga nyingi za majani. Kuna vile vinavyochochea damu na tamaa, na kuna vile vinavyoleta uzito na usingizi. Kitunguu na kitunguu saumu vinahesabiwa katika makundi haya mawili ya mwisho, na kwa hivyo havipelekwi mbele ya Krishna. Mahali pake Ba huweka mvuje kidogo sana, kiasi cha kushikwa na ncha za vidole viwili, ndani ya samli iliyochemka. Mvuje ukiwa kwenye kopo unanuka vibaya kupita kiasi. Ukiingia kwenye samli, jirani wa ghorofa ya tatu atadhani umekaanga vitunguu kilo nzima.

Hata hapo usiseme umejua. Wafuasi wa Swaminarayan, wale wenye hekalu la mawe ya kuchongwa lililofunguliwa mwaka wa 1999 kwenye Barabara ya Forest, ambayo siku hizi ina jina la Profesa Wangari Maathai, huuepuka hata huo mvuje. Nao Wajaini walio imara hawali viazi wala karoti wala chochote kinachong'olewa ardhini na mizizi yake. Ukimwalika rafiki wa aina hii nyumbani kwako, dawa ni moja tu: muulize. Haoni haya kuulizwa.

Basi mwezi wa Aprili mwaka jana, wakati wa mvua, Ba aliteleza kwenye ngazi za ploti yetu akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Ana miaka 79. Mumewe alifariki zamani. Wanawe wawili wanaishi Leicester, Uingereza, na wamekuwa wakimsihi awafuate huko kwa miaka mingi. Mkono ulipofungwa plasta, kusihi kuligeuka kuwa amri. Niliwasikia kwa simu: mama, huwezi kuishi peke yako, huwezi hata kujipikia, tunakukatia tiketi.

Ba aliwajibu kwa Kigujarati, lakini neno moja nililielewa kwa sababu alilirudia mara tatu: Thakorji. Hilo ndilo jina analomwita Krishna wa nyumbani kwake, sanamu ndogo ya shaba nyeupe isiyozidi urefu wa kiganja, iliyokaa ndani ya kijumba cha mbao pembeni mwa jiko. Ba humwamsha asubuhi, humwosha, humvika, humlisha, humlaza. Kumwacha njaa siku moja ni jambo ambalo hawezi kulifikiria. Kumhamisha hadi kwenye nyumba ambamo mkaza mwana hutoka kazini saa kumi na mbili na kupasha moto chakula cha jana kwenye mikrowevu, hilo nalo hataki kulifikiria. Chakula cha jana hakitolewi kwa Mungu. Kwa hivyo swali lililokuwa mezani lilikuwa dogo na kubwa kwa pamoja: nani atapika? Asipopatikana wa kupika, Ba anaondoka Kenya, nchi aliyozaliwa. Alizaliwa Kisumu, dukani kwa baba yake, na Kijaluo chake kingemfanya mtu wa Bondo ageuke nyuma.

Nilijitolea bila kufikiri. Watoto wangu wawili wamekulia mlangoni kwake. Tangu wakiwa chekechea, siku nikichelewa kazini, huwakuta wamekaa kwa Ba wakila matunda na kusoma hadithi za Krishna mwizi wa siagi. Nilimwambia, "Ba, mimi nitapika, wewe keti uniamrishe."

Hakunijibu siku hiyo. Wala siku ya pili. Kwa siku hizo mbili Thakorji alipewa maziwa, ndizi, na zabibu kavu tu. Vitu hivyo havihitaji moto. Kitabu chao cha Gita, katika sura ya 9, kinataja jani, ua, tunda na maji kuwa sadaka inayotosha ikitolewa kwa mapenzi. Siku ya tatu aliniita akanipa masharti. Nioge kabla ya kuja. Nivue viatu mlangoni. Siku nitakayosaidia nisiguse nyama hadi kazi iishe. Sokoni nitaenda mimi, kuosha, kumenya, kukata na kuloweka ni mimi. Lakini moto atauwasha yeye, na chumvi ataitia yeye, na kuanzia hapo mwiko utakuwa katika mkono wake wa kushoto. Na jambo moja zaidi: nisionje, wala nisiinamie sufuria nivute harufu.

Nilikubali. Nyumbani nilipomsimulia bwana yangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniuliza, "Kwa hivyo kumenya unaweza, kukoroga huwezi?"

Swali lile lilinilalia kifuani, na nitakuambia kwa nini. Mama yangu mzazi alikuwa yaya huko Parklands miaka ya 1980. Nyumba yenyewe haina haja ya kutajwa. Alilea watoto watatu wa watu kwa miaka minane, akawaogesha, akawabeba mgongoni, wakampenda. Kikombe chake cha bati na sahani yake vilikaa nje ya dirisha la jikoni, juu ya ukuta mdogo, mvua ikinyesha vinanyeshewa. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemweleza. Kilikuwa ni kikombe cha ayah, basi. Wasomaji wengi wa umri wangu wana mama au shangazi aliyekuwa na kikombe kama hicho.

Kwa hivyo nilimwuliza Ba waziwazi. Alisema, "Dikri," yaani binti yangu, "mke wa mwanangu mkubwa ni Mhindu, na yeye pia hakorogi. Mimi mwenyewe nikiwa sijaoga sikorogi. Si rangi." Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Nimeshuhudia kwa macho yangu akijizuia mwenyewe. Hata hivyo halikunimalizia swali, maana lugha hiyo hiyo ya usafi na uchafu ndiyo iliyotumiwa India kwa karne nyingi kuwafukuza watu wa tabaka la chini visimani na mahekaluni, mpaka katiba iliyoanza kutumika mwaka wa 1950 ikapiga marufuku kumhesabu binadamu kuwa najisi. Marufuku ni ya karatasi. Mazoea yako jikoni. Nilimwambia hivyo pia. Alinyamaza, akanikabidhi bakuli la ndengu za kuchagua mawe.

Na sasa nieleze mipango yenyewe, kwa sababu hapa Ba ni bingwa na sisi wenye kukimbizana na mama mboga tuna mengi ya kuiga.

Hesabu yake huanza usiku. Maziwa yanachemshwa, yanaachwa yawe vuguvugu, anayatia kijiko cha mtindi wa jana, na asubuhi mtindi mpya uko tayari. Ndengu au dengu za kesho zinalowekwa kabla ya kulala. Asubuhi anajua tayari mhimili wa mlo ni nini, kwani kwake kila siku ina kunde zake. Jumatano ni ndengu, za kijani nzima, kwa tangawizi na ndimu. Alhamisi chakula cha njano, dengu zilizopasuliwa na manjano. Jumamosi ni adadi, kunde nyeusi ambazo ukizipika vizuri zinakuwa laini kama uji, zikiliwa na mkate mnene wa unga wa mawele na samli juu. Siku zilizobaki ni dali ya mbaazi. Ndiyo, mbaazi. Ile "tuvar" ghali unayoiona imefungwa kwenye karatasi za plastiki pale dukani Ngara ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, zile zile zinazojaa kwetu Makueni.

Kunde zikishajulikana, mengine hufuata yenyewe. Nafaka mbili: wali, na rotli, ambazo ni chapati nyembamba zisizo na mafuta ndani, zinazovimba juu ya moto kama puto. Mboga moja ya majimaji na moja kavu. Kitu cha mtindi. Kachumbari isiyo na kitunguu: tango, karoti, dhania, karanga zilizopondwa. Kitu kitamu, hata kama ni kijiko cha sukari nguru na samli. Lengo ni kwamba ndani ya sinia moja ulimi ukutane na ladha sita: tamu, chachu, chumvi, chungu, kali, na ile ya kukaza kinywa kama ya ndizi mbichi. Ikikosekana mojawapo, Ba anasema sinia linachechemea. Ndiyo sababu karela, mboga chungu kuliko mwarobaini kwa mawazo yangu, ina nafasi yake ya heshima. Hukatwa vipande vyembamba, hutiwa chumvi, hukamuliwa, kisha hukaangwa pole pole kwa haradali, manjano na sukari nguru.

Mjomba wangu wa Kibwezi amelima karela na dudhi kwa miaka kadhaa, za kuuzwa ng'ambo. Nyumbani kwake hakuna aliyewahi kuipika hata moja. Nilipomweleza kwa simu jinsi inavyopikwa aliuliza kama nina afya.

Swali ambalo kila mtu huniuliza ni hili: asipoonja, anajuaje chumvi imekolea? Mungu ndiye wa kwanza kula, na ukionja umempa makombo. Jibu ni kipimo. Ba ana kijiko kimoja cha shaba ambacho ni cha chumvi tu, na sufuria zake anazijua kwa vikombe. Maji vikombe vinne, kijiko kimoja. Mboga kiasi hiki, nusu. Mengine anayasoma kwa macho na masikio. Haradali ikianza kupasuka kwenye samli, ni wakati wa bizari nyembamba, ikinyamaza, umechelewa. Dali ikiacha povu la manjano na kuanza kung'aa juu, imeiva. Katika wiki sita nilizokaa jikoni mle chumvi ilizidi mara moja tu, na Ba aliitambua kwa rangi ya uso wangu wakati wa kula. Mimi kwangu huonja mara tano na bado bwana huomba chumvi.

Kipimo kina faida nyingine. Kwa kuwa chakula cha jana hakitolewi, hakuna kupika cha kulaza. Mchele ni konzi moja kwa kila mtu, na konzi moja ya mgeni asiyetarajiwa. Rotli ya kwanza kutoka jikoni huwa ya ng'ombe. Ngara hakuna ng'ombe, kwa hivyo huvunjwavunjwa na kuwekwa ukutani kwa ndege. Jioni ni mlo mwepesi, aghalabu kichiri ya mchele na ndengu na mchuzi wa mtindi. Nilipiga hesabu ya wiki nzima ya Ba nikaiweka kando ya yangu. Nisiseme zaidi, bwana husoma gazeti hili. Na kwa mwanafunzi anayehofia kwamba bila nyama atadhoofika, nafaka na kunde zikiliwa pamoja hukamilishana katika kujenga mwili, na maziwa huleta ile vitamini B12 isiyopatikana kwenye mimea. Anayeacha na maziwa pia, hana budi kuitafuta kwa njia nyingine, kama vile vidonge.

Chakula kikiiva, hupakuliwa kidogo kidogo katika visahani ambavyo ni vya Thakorji peke yake. Juu yake Ba huweka jani la tulasi, aina ya mrehani anaoupanda kwenye kopo barazani. Maji huwekwa kando. Kengele inalia, pazia la kijumba linashushwa, nasi tunatoka jikoni, kwani si adabu kumtazama mtu akila. Baada ya dakika chache pazia linafunguliwa, na vile visahani vinarudishwa na kuchanganywa na chakula kilichobaki kwenye sufuria. Kuanzia hapo si chakula tena. Ni prasadi, yaani neema, na prasadi haichagui mtu. Anapewa mlinzi wa ploti, anapewa fundi wa maji, wanapewa wanangu. Yule ambaye dakika kumi zilizopita hakuruhusiwa kushika mwiko sasa anasukumiwa sinia na kuambiwa ongeza.

Mkanganyo huu si wa Ba peke yake. Kule Puri, mashariki mwa India, kuna hekalu kubwa la Jagannath ambalo Ba alikwenda kuhiji mara moja maishani. Wapishi wake hupika kwa kuni, katika vyungu vya udongo vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, chakula cha maelfu ya watu kila siku. Kikishatolewa kwa Mungu, watu wa matabaka yote hula pamoja bila kuulizana ukoo. Lakini asiye Mhindu haingii hekaluni. Tena viazi na nyanya haviingii jikoni humo, kwa kuwa ni vya ugeni. Vilifika India baada ya mabaharia wa Ulaya kuvuka bahari na mazao ya Amerika.

Ba anapika viazi na nyanya kila siku. Nilipomkumbusha habari ya Puri alicheka. Na si viazi tu. Mara mbili kwa mwezi kuna Ekadashi, siku ya 11 tangu mwezi kuandama na siku ya 11 tangu mwezi mpevu. Siku hizo nafaka na kunde zote hukatazwa: hakuna wali, hakuna ngano, hakuna mahindi wala ndengu wala mbaazi. Hata mvuje wa kopo hukatazwa, maana mara nyingi watengenezaji huuchanganya na unga wa ngano. Hapa ndipo mpishi asiyepanga huumbuka. Ba huanza kujiandaa siku mbili mbele. Kuna karanga, viazi vitamu, matunda, maziwa, unga wa mbegu za mchicha, zile za terere, ambazo si nafaka ya jamii ya nyasi. Kuna sabudana, zile punje nyeupe kama lulu zinazotengenezwa kwa wanga wa muhogo. Na kuna muhogo wenyewe, uliochemshwa na kukaangwa kwa samli, bizari nyembamba, pilipili na ndimu. Muhogo nao ni mgeni, Wareno waliuleta kutoka Brazil. Wahindi wa Afrika Mashariki waliupokea kutoka kwetu pamoja na jina lake, wakalifupisha likawa "mogo", na waliohamia Uingereza wakaondoka nalo. Ukiingia leo katika mkahawa wa Kihindi jijini London, unaweza kulikuta neno hilo kwenye orodha ya vyakula.

Ninachotaka kusema ni kwamba jiko hili si jiwe. Limewahi kufungua mlango. Muhogo uliingia, na hakuna aliyeuliza uliguswa na nani shambani.

Wiki ya nne ya plasta, mama yangu alikuja kutoka Kibwezi kwa ajili ya kliniki ya macho. Alinikuta kwa Ba, miguu mitupu, nikikata bamia. Alisimama mlangoni. Sikujua la kusema, naye hakusema kitu. Aliniangalia mimi, akaangalia dirisha la jikoni, upande wa nje, muda mrefu kidogo. Ba alimkaribisha kwa Kiswahili chake cha Kisumu, wakasalimiana kama wazee wanavyosalimiana, habari za mvua, habari za magoti. Kengele ikalia, pazia likashuka, likafunguliwa. Ba akapakua kwa mkono wa kushoto katika masinia matatu yanayofanana, akampa mama la kwanza.

Mama alikula yote. Aliuliza kwa nini dali ina sukari, akajibiwa kwamba Wagujarati ndivyo walivyo. Alipomaliza aliinuka, akaliosha sinia lake mwenyewe kwa mchanga wa sabuni uliokuwa kwenye beseni, akalikausha, kisha akalibeba hadi kwenye mlango wa nyuma, akawa anatazama huku na huku mahali pa kuliweka huko nje. Mikono ina kumbukumbu zake. Ba alimfuata, akalichukua sinia, akarudi nalo ndani akalipanga katikati ya mengine. Hakuna aliyezungumza. Njiani tukirudi kwangu mama alisema tu, "Huyu mzee wako anapika vizuri," na baada ya hatua chache akaongeza, "Hata yule wangu alikuwa anapika vizuri."

Plasta ilitolewa mwishoni mwa Mei. Wanawe wa Leicester wamekubali abaki, kwa mwaka mmoja mmoja, kama viza. Kifundo hakikurudi sawasawa. Sufuria nzito hawezi kuiinua, kwa hivyo siku za Jumamosi na siku za sikukuu bado nakwenda. Siku inayofuata Diwali kuna Annakut, mlima wa chakula. Inasimuliwa kwamba Krishna aliuinua mlima Govardhan kwa kidole akawakinga watu wa kijiji na mvua kwa siku 7 bila kula, na kwa kuwa alizoea kulishwa mara 8 kwa siku, wakamlipa vyakula 56. Mahekalu makubwa hupita idadi hiyo kwa mbali. Ba kwa mkono mmoja na nusu alipanga 21. Orodha aliiandika wiki tatu kabla, vitamu vinavyodumu vikitangulia, vya kukaangwa vikifuata, vya majimaji vikiachwa hadi alfajiri ya siku yenyewe. Majina ya vyakula yalikuwa kwa Kigujarati. Kando yake, kwa Kiswahili, aliandika nani atafanya nini. Penye ladu za karanga aliandika jina langu. Hakuandika kumenya wala kuponda. Aliandika jina tu. Ladu hizo hazitiwi chumvi, nikajiambia, pengine ni kwa sababu hiyo. Sijamwuliza. Aliniwashia moto, akaenda kumvisha Thakorji nguo mpya, akaniacha peke yangu na sufuria ya sukari nguru iliyokuwa ikichemka.

Juma lililopita kondakta wa basi la Mombasa aliniletea gunia dogo kutoka Kibwezi. Ni mihogo, iliyong'olewa asubuhi ile ile, udongo ukiwa bado mbichi. Mama alikuwa amepiga simu mapema kuniuliza Ekadashi ya mwezi huu inaangukia lini. Alinionya nisilifungue gunia hilo kwangu, jikoni kuna vitunguu. Nilipeleke moja kwa moja kwa Ba.